Barua pepe ya chuo: kuifungua, kuilinda na kuhama nayo

Anwani unayopewa ukishasajiliwa chuoni, ile inayoishia na .ac.tz, .ac.ke au .ac.ug, inabeba mengi kuliko barua. Mfumo wa matokeo, darasa la mtandaoni, majarida ya maktaba, Wi-Fi ya eduroam (mtandao unaoshirikiwa na vyuo vingi), na kwenye vyuo vingine hata maombi ya chumba cha hosteli, vyote vinakutambua kwa anwani hiyo. Aliyeishika anakwenda kwenye mfumo mmojawapo, anabonyeza "nimesahau nenosiri", kisha anasubiri kiungo kiingie kwenye kikasha chako. Hana haja ya kujua nenosiri lako lingine lolote.

Akaunti yenyewe ni mali ya chuo. Chuo ndicho kinachoifungua, kinachopanga masharti yake, kinachoweza kukubadilishia nenosiri, na ndicho kitakachoifunga ukishahitimu. Wasimamizi wake wana uwezo wa kiufundi wa kuona kilichomo. Kwa hiyo mambo ya benki, ya familia na ya moyo yakae kwenye barua pepe yako binafsi. Huku yaje ya masomo tu.

Vyuo vingi siku hizi havihifadhi barua kwenye seva zao wenyewe. Vinatumia Google Workspace for Education, yaani Gmail yenye jina la chuo, au Microsoft 365, yaani Outlook. Mwongozo huu unafuata Gmail, na pale Outlook inapoachana nayo tutasema. Majina ya vitufe hubadilika kufuata lugha ya simu au kompyuta yako, hivyo tutakuelekeza zaidi mahali kitufe kilipo kuliko kinavyoitwa.

Kuingia mara ya kwanza

Andaa vitu vitatu: anwani kamili, nenosiri la kuanzia ulilopewa na chuo, na simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Hilo la laini lina sababu yake, tutalifikia.

1. Fungua kivinjari na uandike mwenyewe mail.google.com. Kwa Outlook ni outlook.office.com. Usitafute ukurasa wa kuingilia kwa kuandika jina la chuo kwenye Google na kubonyeza tokeo la kwanza, kwa sababu juu ya matokeo hukaa matangazo ya kulipiwa, na matapeli nao hulipia.

2. Andika anwani nzima, pamoja na kila kilichoko baada ya alama ya @. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuandika jina kisha @gmail.com, kwa kuwa ukurasa unafanana na Gmail ya kawaida. La pili ni kusahau kwamba vyuo vingi huwatenga wanafunzi na wafanyakazi: mwalimu ana @chuo.ac.tz, wewe una @student.chuo.ac.tz.

3. Weka nenosiri la kuanzia. Kama umelinakili kutoka kwenye ujumbe wa simu, angalia usibebe nafasi tupu mwishoni. Haionekani kwa macho lakini mfumo unaihesabu.

4. Mfumo ukikulazimisha kubadilisha nenosiri, badilisha hapohapo. Usipokulazimisha, badilisha mwenyewe kabla hujafungua barua hata moja.

Haraka hiyo ina maana. Nenosiri la kuanzia mara nyingi hutengenezwa kwa kanuni moja kwa darasa zima: namba ya usajili, jina la ukoo kwa herufi kubwa, au tarehe ya kuzaliwa. Namba ya usajili iko kwenye kitambulisho chako, kwenye fomu ya mahudhurio inayozunguka darasani, na kwenye orodha ya matokeo inayobandikwa ubaoni. Anayekaa nyuma yako darasani akijua la kwake lilivyotengenezwa, la kwako nalo amelijua.

Kuna vyuo ambako ukishaandika anwani unahamishwa kutoka ukurasa wa Google au Microsoft kwenda ukurasa wenye nembo ya chuo. Hapo nenosiri linatunzwa na chuo chenyewe, na linabadilishiwa kwenye tovuti ya chuo. Ukilitafuta kwenye mipangilio ya Gmail hutapata pa kulibadilishia. Wengi huishia hapo na kubaki na lile la kuanzia mpaka mwaka wa tatu.

Mfumo ukisema akaunti haipo ilhali anwani umeiandika sawasawa, huenda haijafunguliwa. Vyuo vingi hufungua akaunti baada ya usajili kukamilika, ada ikiwemo, na majina hupelekwa kwa mafungu. Ukisubiri siku mbili tatu na bado haipo, hapo nenda Kitengo cha TEHAMA.

Nenosiri

Urefu una nguvu kuliko vikorombwezo. Nenosiri la herufi 8 lenye @ badala ya a na 0 badala ya o linaangushwa upesi, kwa sababu programu za kubahatisha zinaijua michezo hiyo tangu zamani. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana kabisa, ya kufumba macho na kuokota, kama kigoda, darubini, mchicha na stempu, uyaunganishe kwa kistari na kuweka tarakimu katikati. (Haya manne usiyatumie; yameshaandikwa hapa.) Methali, mstari wa wimbo au aya ya kitabu kitakatifu haifai hata ikiwa ndefu kiasi gani. "Haraka haraka haina baraka" ina herufi za kutosha, ila kila mtu anaijua.

Hakuna haja ya kulibadilisha kila mwezi. Shirika la viwango la Marekani, NIST, lililokuwa likifuatwa na wengi kwa kanuni hiyo, limeshaiacha: mtu akilazimishwa kubadilisha mara kwa mara huongeza tu 1, kisha 2, kisha 3 mwishoni. Libadilishe pale kuna sababu, yaani umelitaja kwa mtu, umeliandika kwenye ukurasa uliokutia shaka, au tovuti nyingine uliyotumia nenosiri hilohilo imevuja. Uvujaji unaweza kuuangalia haveibeenpwned.com, unaandika anwani tu, nenosiri huulizwi.

Na hilo la mwisho ndilo linaloangusha wengi. Nenosiri la chuo lisitumike popote pengine: si kwenye tovuti ya kubeti, si kwenye ya kupakua vitabu, si Instagram. Tovuti ndogo ikivunjwa, orodha yake ya anwani na manenosiri hujaribiwa na programu kwenye Gmail na Outlook, usiku kucha, bila mtu kukaa macho.

Hatua ya pili ya uthibitisho

Hii ni kuombwa kitu cha pili baada ya nenosiri, kama tarakimu zinazoonekana kwenye simu yako. Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pengine pote, kwa hiyo tenga nusu saa. Ukiwa ndani ya Gmail bonyeza picha yako juu kulia, ingia kusimamia akaunti, kisha sehemu ya usalama, utaona Uthibitishaji wa Hatua 2. Usipouona, msimamizi wa chuo hajauruhusu. Mwandikie TEHAMA uombe. Kwa Microsoft nenda mysignins.microsoft.com, sehemu ya maelezo ya usalama.

Utapewa njia kadhaa. Ujumbe mfupi wa simu ni bora kuliko kutokuwa na kitu, lakini unategemea laini, na laini ina udhaifu wake. Mtu akifanikiwa kuifanyia laini yako mbadala kwa wakala, tarakimu zote za uthibitisho zinakwenda kwake. Shida iliyo karibu zaidi ni laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha shangazi au cha kaka. Ukipoteza simu, kuirudisha namba kunataka alama ya kidole ya mwenye kitambulisho, na yeye yuko Songea wakati wewe uko Dar es Salaam na mtihani ni kesho. Tanzania unaweza kupiga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ikiwa yako haimo, isajili upya kwa jina lako kabla ya kuiweka kwenye akaunti.

Njia tunayoipendekeza ni programu ya kuzalisha tarakimu: Google Authenticator, au Microsoft Authenticator kwa Outlook. Unapiga picha ule mraba wa QR mara moja tu, kisha programu inatoa tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30. Haihitaji bando wala mtandao wa simu, na kwa anayeishi hosteli yenye mtandao wa kubahatisha hilo si jambo dogo. Tarakimu zikikataliwa ilhali umeziandika sahihi, angalia saa ya simu. Hesabu inafanywa kwa saa, na simu iliyowekwa saa kwa mkono ikapishana na saa halisi kwa dakika kadhaa itatoa tarakimu zisizokubalika. Weka saa ijipange yenyewe kutoka kwenye mtandao, ujaribu tena.

Kabla hujafunga ukurasa huo, chukua tarakimu za akiba. Google inatoa namba 10, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu. Zichapishe au uzinakili kwa kalamu, uziweke pamoja na vyeti vyako. Usizipige picha na kuziacha kwenye simu hiyohiyo, kwani unazihitaji siku ile simu haipo. Ukitengeneza fungu jipya la tarakimu, la zamani linakufa lote, kwa hiyo chana karatasi ya zamani usije ukaichanganya.

Onyo moja kwa wa Microsoft. Ikija arifa kwenye simu ikuombe uidhinishe kuingia, nawe hukuwa unaingia popote, mtu mwingine ameshalipata nenosiri lako. Anachokosa ni kidole chako tu. Kataa, kisha badilisha nenosiri muda huohuo. Wapo wanaotuma arifa ishirini usiku wa manane wakitarajia utachoka na kukubali; ndiyo maana tangu 2023 Microsoft inataka uandike namba unayoiona kwenye kioo cha kompyuta. Akikupigia mtu anayejiita wa TEHAMA na kukutajia namba ya kuandika, kata simu.

Kwenye simu na kompyuta yako

Kwenye Android, ingia mipangilio ya simu, sehemu ya akaunti, ongeza akaunti ya Google, andika anwani ya chuo. Chuo kinaweza kukutaka uwe na PIN au mchoro wa kufungulia simu, na kina uwezo wa kuiondoa akaunti hiyo kwenye simu yako kwa mbali.

Fanya marekebisho mawili kabla bando halijaisha. Kwenye programu ya Gmail, gusa mistari mitatu juu kushoto, shuka hadi mipangilio, chagua akaunti ya chuo. Idadi ya siku za barua zinazopakuliwa huwa 30. Ishushe hadi 7. Angalia pia kwamba viambatisho vinapakuliwa vyenyewe kwenye Wi-Fi tu.

La pili liko kwenye programu ya Picha. Angalia ni akaunti ipi inayohifadhi picha zako. Ikiwa ni ya chuo, hamisha leo. Picha za sherehe na nakala ya WhatsApp vinakula nafasi ileile ya barua, na ukifungiwa akaunti vinaondoka nayo.

Mwenye akaunti mbili kwenye kivinjari kimoja hukumbana na kisa hiki: mwalimu ametuma kiungo cha zoezi, unabonyeza, unaambiwa huna ruhusa. Ruhusa unayo, ila umefika na akaunti isiyo yake. Tazama anwani juu ya ukurasa, utaona /u/0 au /u/1. Sifuri ni akaunti uliyoingia kwanza, moja ni ya pili. Badilisha namba hiyo, bonyeza kitufe cha kuingiza, ukurasa mara nyingi utafunguka. Dawa ya kudumu ni kuunda wasifu wa pili ndani ya Chrome: bonyeza duara la picha juu kulia mwa kivinjari, ongeza wasifu, ingia humo kwa akaunti ya chuo pekee.

Eduroam nayo inataka anwani nzima kama jina la mtumiaji, pamoja na mkia wake, na ndipo utaweza kuitumia hata ukitembelea chuo kingine kilichomo kwenye mtandao huo, chini ya TERNET Tanzania, KENET Kenya au RENU Uganda. Iweke kwa programu ya geteduroam au kupitia cat.eduroam.org. Ukiiweka kwa mkono na kuchagua kutohakiki cheti (kinachothibitisha kwamba mtandao ni wa kweli), simu yako inaweza kumpa nenosiri yeyote atakayewasha kifaa na kukiita eduroam, hata akiwa amekaa kantini.

Steshenari na kompyuta za watu

Hapa ndipo akaunti nyingi huachwa wazi. Ni saa tatu na nusu asubuhi, kazi inakusanywa saa nne, foleni ya kuchapisha imefika barabarani. Unaingia Gmail kwenye kompyuta ya steshenari, unapakua faili, linachapwa, unalipa, unakimbia. Nyuma yako kikasha kiko wazi, na faili limebaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa pamoja na ya wenzako mia. Anayefuata akibonyeza Gmail anakuta yako.

Bora usiingie kabisa. Mtumie mwenye duka faili kutoka kwenye simu yako, kwa barua pepe ya duka au WhatsApp yake. Kama huna budi:

Fungua dirisha fiche kwanza, Ctrl+Shift+N kwa Chrome na Edge, Ctrl+Shift+P kwa Firefox. Ingia, pakua, chapisha. Kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi nenosiri, kataa. Ukimaliza, toka kwenye akaunti kwa kubonyeza picha yako, kisha funga madirisha fiche yote, maana moja likibaki wazi mengine yanakumbuka. Fungua folda ya vilivyopakuliwa, chagua faili lako, bonyeza Shift na Delete kwa pamoja ili lisibaki kwenye pipa.

Dirisha fiche halizuii programu inayonasa kila kitufe unachobonyeza, na kompyuta ya watu wote inaweza kuwa nayo. Kwa sababu hiyo hatua ya pili ya uthibitisho inatakiwa iwe imewashwa, na usiweke alama ya kuamini kompyuta hiyo.

Umeshaondoka na una wasiwasi? Kwenye Gmail ya kompyuta, chini kabisa kulia mwa kikasha, kuna maandishi madogo ya shughuli ya mwisho ya akaunti. Bonyeza maelezo, utaona lini na kwa kifaa gani akaunti imefunguliwa, na kitufe cha kuondoa vikao vingine vyote. Kwenye simu, njia ni kusimamia akaunti, usalama, vifaa vyako. Chagua kifaa, ondoka.

Barua za ulaghai

Mfano wa barua inayozunguka kwa namna nyingi:

"Ndugu mwanafunzi, akaunti yako imefikia 99% ya ujazo. Thibitisha ndani ya saa 24, la sivyo itafungwa na barua zote kufutwa. Bonyeza HAPA. Idara ya IT."

Ndugu yake ni ile ya boom (fedha za mkopo wa mwanafunzi): awamu imetoka, ila hakiki taarifa zako kwanza. Hufika wakati wanafunzi wanaisubiri kweli, ndiyo maana hushika.

Kabla ya kubonyeza, kishikilie kiungo kwa kidole kwenye simu (kwenye kompyuta weka mshale juu yake bila kubonyeza) hadi anwani ionekane. Ipe macho namna hii: ruka https://, tafuta mkwaju (/) wa kwanza unaofuata, kisha soma kurudi kushoto kutoka hapo. Chukua hizi mbili:

https://barua.chuo.ac.tz/ingia
https://chuo.ac.tz.hakiki-akaunti.com/ingia

Ya kwanza, ukirudi kushoto kutoka kwenye mkwaju, unakuta chuo.ac.tz. Ni ya chuo. Ya pili unakuta hakiki-akaunti.com, na huyo ndiye mwenye ukurasa, "chuo.ac.tz" iliyotangulia ni pambo, mtu yeyote anaweza kuiandika pale. Alama ya kufuli haikusaidii hapa, kwani inaonyesha tu kwamba mazungumzo yamefichwa njiani. Tapeli naye anayo kufuli.

Kuona barua imetoka kwa mwanafunzi mwenzako au kwa mhadhiri hakutoshi. Akaunti iliyovamiwa hutuma barua halisi, zenye anwani halisi, zinazopita kila ukaguzi wa mfumo. Kama anaomba pesa, nenosiri au tarakimu, mpigie simu.

Fomu za Google zinazoomba nenosiri ni za wizi bila mjadala. Chini ya fomu yenyewe Google huandika kwamba usiwasilishe nenosiri humo. Kiambatisho kinachoishia na .html kiogope pia: ukikifungua kinakuchorea ukurasa wa kuingilia kwenye kifaa chako, bila anwani ya mtandao ya kukagua. Barua ya namna hiyo usiifute kimyakimya. Kwenye nukta tatu kando ya kitufe cha kujibu kuna pa kuripoti ulaghai, na msimamizi anaweza kuiondoa kwenye vikasha vya wenzako ambao hawajaifungua.

Ikishavamiwa

Dalili huwa hizi: marafiki wanauliza barua ambayo hukuiandika, barua unazozisubiri haziji, au huwezi kutuma kitu kwa sababu umevuka kikomo cha siku. Akaunti ya Workspace huruhusiwa barua 2,000 kwa siku, na mvamizi huzimaliza zote; ukifika hapo, kutuma kunazuiwa hadi saa 24.

Kubadilisha nenosiri ni mwanzo tu. Mvamizi mzoefu huacha mlango wa nyuma, na ukiuacha ataendelea kusoma barua zako bila nenosiri lolote. Fuata mpangilio huu, kwenye kompyuta unayoiamini:

1. Badilisha nenosiri, kisha toa vifaa vingine vyote.

2. Kwenye Gmail bonyeza gia juu kulia, fungua mipangilio yote, nenda kichupo cha usambazaji na POP/IMAP. Ukikuta barua zinapelekwa kwenye anwani usiyoijua, zima.

3. Kichupo cha vichujio. Hapa ndipo panapojificha mengi. Tafuta kichujio kinachofuta, au kinachoruka kikasha na kuhifadhi, kila barua yenye maneno kama nenosiri, usalama au jina la TEHAMA. Kiliwekwa ili usione maonyo. Kwa Outlook zinaitwa kanuni, zipo kwenye mipangilio ya barua.

4. Kichupo cha akaunti: angalia kama kuna mtu amepewa ruhusa ya kufungua kikasha chako, na kama anwani ya kutumia unapotuma ni yako.

5. Kwenye usalama wa akaunti, kagua namba ya simu na barua pepe ya kurejesha, programu za uthibitisho, na programu za nje zenye ruhusa ya kusoma barua. Usiyoijua, ondoa.

6. Tengeneza tarakimu mpya za akiba.

7. Waarifu TEHAMA na uwaandikie waliopokea barua za mvamizi. Ukiwaandikia wengi, anwani zao ziweke kwenye nakala fiche (Bcc). (CR, yaani wawakilishi wa darasa, nao wangeanza kufanya hivyo, wenzao wangepumua.)

Ukifungiwa nje

Ukurasa wa Google wa kurejesha akaunti hautakufikisha mbali. Kwa akaunti ya chuo Google hukuelekeza kwa msimamizi, naye ni TEHAMA. Nenda na kitambulisho cha chuo mkononi. Ukiwa mbali, andika kutoka kwenye barua pepe uliyoijaza wakati wa usajili, na barua iwe na kila kitu mara moja ili wasikurudishie maswali:

"Habari za kazi. Naitwa [majina matatu], namba ya usajili [...], mwaka wa pili, [programu]. Siwezi kuingia kwenye [anwani ya chuo] tangu Jumatatu saa 4 asubuhi. Ujumbe unaotokea ni huu kwenye picha niliyoambatisha. Nimejaribu kwenye simu na kwenye kompyuta ya maktaba. Simu niliyokuwa nimeiwekea uthibitisho imepotea, naomba uthibitisho huo uondolewe niuweke upya. Namba yangu ni [...]. Natanguliza shukrani."

Nenosiri usiliandike humo hata wakikuuliza. Msimamizi halihitaji, ana uwezo wa kukuwekea jipya. Akikuwekea, litakuwa la muda, na kazi ya kulibadilisha inarudi kwako siku hiyohiyo.

Nafasi ikijaa

Chuo kinagawana nafasi moja kwa wote, kwa hiyo vingi vimeweka kikomo kwa kila mwanafunzi. Ikijaa, barua mpya zinaweza kukataliwa. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika larger:10M older_than:1y, utapata barua zenye uzito wa zaidi ya MB 10 zenye umri wa zaidi ya mwaka. Futa usizozihitaji, kisha safisha pipa, kwani kilichofutwa hukaa humo siku 30 kikiendelea kuhesabiwa. Kiambatisho kinachozidi MB 25 Gmail haikitumi. Hukipandisha Google Drive na kutuma kiungo, ambacho nacho kinakula nafasi yako.

Ukikaribia kuhitimu

Anza miezi mitatu kabla. Muulize TEHAMA akaunti hufungwa baada ya muda gani; kuna chuo kinachoiacha miaka, na kingine kinaifunga muhula ukiisha.

Kama chuo kimeruhusu, ukurasa wa takeout.google.com/transfer unahamisha barua na mafaili ya Drive moja kwa moja hadi Gmail yako binafsi. Unaandika anwani ya kupokelea, unapata tarakimu za kuthibitisha huko, unazirudisha, unachagua cha kunakili. Kawaida huisha kwa saa chache ila inaweza kuchukua hadi wiki moja. Hakikisha Gmail binafsi ina nafasi, maana ya bure ni GB 15 kwa kila kitu. Ukurasa huo ukiwa umefungwa, takeout.google.com ya kawaida hukupa mafaili ya kupakua; yapakue kwenye Wi-Fi ya chuo, si kwa bando lako.

Mafaili ambayo mmiliki wake ni msimamizi wako wa utafiti au mwenzako wa kikundi yatengenezee nakala moja moja. Yale uliyomiliki wewe na wengine wanayatumia, waambie wanakili mapema, kwa sababu akaunti ikifutwa na kwao yatapotea.

Kisha zungukia huduma zote ulizojisajili kwa anwani ya chuo na ubadilishe: Bodi ya Mikopo, LinkedIn, GitHub, ORCID (namba ya utambulisho ya watafiti), tovuti za kuombea kazi. Ili kuzikumbuka, tafuta kwenye kikasha maneno "welcome", "verify" na "karibu". Barua za usajili za miaka yote zitapanga foleni. ORCID inakubali anwani zaidi ya moja, kwa hiyo ongeza ya binafsi bila kuondoa ya chuo. Ikiwa makala yako imechapishwa na anwani ya chuo kama ya mawasiliano, hiyo haitabadilika kwenye jarida, na watu wataendelea kuiandikia.

Kwa ajili yao, washa jibu la moja kwa moja kwenye mipangilio ya jumla, liseme tu: "Nimehitimu, sisomi tena barua hapa. Anwani yangu sasa ni hii." Litafanya kazi mpaka siku akaunti itakapofungwa.